Mkojo uliochukuliwa kasualti si wa bosi wala wa polisi

Swali

Daktari, shikamoo. Mimi ni mkazi wa Likoni. Mdogo wangu ana miaka 26, ni mpishi katika hoteli moja ya Pwani Kusini. Wiki tatu zilizopita alianguka akiwa kazini. Waliomwona wanasema alikakamaa, akatetemeka mwili mzima, akajikojolea. Alipopata fahamu alikuwa hospitalini, ulimi umechanika, hakumbuki kitu. Msimamizi wake wa zamu ndiye aliyempeleka. Akiwa bado hajitambui vizuri alitolewa mkojo kwa mpira, muuguzi akatumbukiza kijiti cha kupimia, kisha akasema pale pale msimamizi akisikia: "Huyu ni unga, mofini imetoka." Aliruhusiwa asubuhi. Kesho yake hoteli ikamwambia akae nyumbani mpaka aitwe. Mdogo wangu anaapa hajawahi kugusa unga, yaani heroini, ile ya jamii ya mofini. Alikuwa na kikohozi, akinywa dawa ya maji aliyonunua duka la dawa. Je, walikuwa na haki ya kumpima bila kumwuliza? Na kusema mbele ya mkubwa wake wa kazi? Polisi wanaweza kupewa majibu hayo? Na siku nyingine akiulizwa hospitalini anatumia nini, aseme ukweli au anyamaze?

Jibu

Marahaba, dada yangu, na poleni nyote nyumbani. Nimefanya kazi kasualti miaka kumi na minne, yote hapa Pwani, na barua yako nimeirudia mara tatu. Nianze na lile linalokuuma zaidi.

Kusema majibu yale mbele ya msimamizi lilikuwa kosa, tena kosa la kisheria, si la adabu peke yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamkinga kila mtu asianikiwe mambo yake ya faragha pasipo haja. Sheria ya Afya ya 2017, kifungu cha 11, inasema wazi kwamba habari za mgonjwa ni siri: hali yake, matibabu yake, hata kule kuwepo kwake hospitalini. Zinatoka tu mgonjwa akikubali kwa maandishi, au mahakama ikiamuru, au sheria nyingine ikitaka, au ikiwa kuzificha kutaleta hatari kubwa kwa afya ya umma. Bosi aliyemleta mgonjwa kwa gari la kazi hayumo humo. Kumfikisha mtu hospitalini ni wema na tunamshukuru kwa hilo, lakini akishamkabidhi mgonjwa mahali pake ni kwenye benchi la nje.

Najua jinsi inavyotokea. Vitanda vimebanana, pazia halifiki mwisho wa reli, muuguzi ana wagonjwa kumi na tano na simu inalia. Yote hayo nimeyaishi. Lakini hebu fikiria: katika kasualti hiyo hiyo, na pazia lake hilo hilo, yuko muuguzi atakayesoma majibu ya VVU kwa sauti mbele ya bosi wa mgonjwa? Hayuko. Tulifundishwa, tukaonywa, tukazoea, na leo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua karatasi ile inakunjwa. Basi hatuwezi kusema nafasi ni finyu. Tatizo ni kwamba mtu anayedhaniwa kuwa teja tumeshamhukumu moyoni kabla hatujamtibu, na mtu uliyemhukumu huoni haja ya kumtunzia siri. Hili linaniuma, na nalisema kwa wenzangu kama ninavyolisema kwako.

Kumpima bila kumwuliza ni jambo jingine, na hapa sitakupa jibu unalolitarajia. Sheria ya Afya, kifungu cha 9, inataka mgonjwa aridhie baada ya kuelezwa, lakini inaacha mlango kwa dharura na kwa pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Mtu aliyeanguka na hajitambui hawezi kuridhia chochote. Tukimtoa damu kupima sukari, tukamwekea dripu, tukamtoa mkojo ili tujue kilichomwangusha, hatujamvunjia haki. Ila ruhusa hiyo ni ya kumtibu, na inaishia hapo. Akishapata fahamu, anapaswa kuelezwa alipimwa nini na kimeonekana nini, yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Na kama angekuwa macho na akakataa kipimo, angestahili kuendelea kutibiwa vile vile, maana ibara ya 43 ya Katiba inakataza kumnyima mtu matibabu ya dharura.

Swali ninalowauliza madaktari wachanga kila wanaponiletea kile kijiti ni hili: majibu yakitoka, utamtibu tofauti? Mara nyingi wanakaa kimya. Mwongozo wa chama cha madaktari wa dharura wa Marekani wa mwaka 2006, ulioandikwa kuhusu wagonjwa wa akili wanaofika kasualti, ulisema kwamba kwa mgonjwa aliye macho na mtulivu kipimo cha mkojo cha kawaida hakibadilishi matibabu, na hakina haja ya kufanywa kama desturi. Mimi nakubaliana nao kabisa. Yapo mahali kinaposaidia: mtoto mdogo aliyelala ghafla na hakuna anayejua amemeza nini, au kijana aliyeanza kuweweseka kwa mara ya kwanza na jamaa hawana historia. Lakini yule aliyezidiwa na unga hatumjui kwa mkojo. Tunamjua kwa macho yetu.

Usiku mmoja tuk-tuk ilisimama langoni, vijana wawili wakamshusha mwenzao, wakamlaza sakafuni, wakakimbia. Midomo ilikuwa ya samawati. Mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Nilihesabu pumzi zake kwa saa ya ukutani: nne kwa dakika nzima. Tulimpulizia hewa kwa mfuko, tukampima sukari, tukamdunga naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga mwilini, na katika muda wa kusema bismillahi mara chache akavuta pumzi ndefu na kufungua macho. Hakuna aliyegusa mkojo wake. Sasa sikiliza kilichofuata. Naloksoni hufanya kazi kati ya nusu saa na saa moja na nusu hivi, kisha inaisha. Kama alichotumia kinadumu zaidi yake, kama vile methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, mgonjwa anaweza kuzama tena akiwa peke yake, ndiyo maana tunamtaka abaki kitandani tumwangalie. Yule kijana alikuwa amekaa, anakunywa maji, na mtu mmoja mlangoni akasema kwa sauti: "Apimwe mkojo, polisi waitwe." Nilikuwa kitanda cha pili nikishona jeraha. Nilipogeuka, dripu ilikuwa inaning'inia na damu imedondoka sakafuni mpaka mlangoni. Sikumwona tena.

Ndiyo maana siichukulii faragha kama mapambo ya hospitali. Siri ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa imemshika yule kijana kitandani, na ilipokatwa, aliondoka. Na wale wawili waliokimbia langoni, ambao wangeweza kuniambia rafiki yao ametumia nini, saa ngapi, kiasi gani, walikimbia kwa sababu hiyo hiyo.

Turudi kwa mdogo wako na kile kijiti, maana nadhani hukuelezwa kinavyosomeka. Ni kipande cha karatasi ngumu chenye vidirisha, kila kimoja na herufi zake: MOP ni mofini na jamaa zake, THC ni bangi, COC ni kokeini, AMP ni amfetamini, BZO ni jamii ya diazepamu. Kinasomwa kinyume cha kipimo cha mimba. Mistari miwili maana yake hakuna kitu. Mstari mmoja ndio wenye kitu. Na mstari wa pili ukiwa hafifu kiasi cha kuutafuta kwa tochi, bado unahesabiwa kuwa upo, yaani hakuna kitu. Nimeona kikisomwa vibaya usiku, na mtu asiye mzembe hata kidogo, kwa uchovu tu.

Tuseme kilisomwa sawa. Kidirisha cha mofini hakijui unga. Kinajua umbo la mofini, na kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi za maji hugeuzwa na ini kuwa mofini. Mtu aliyekunywa dawa hiyo jana au juzi anaweza kabisa kutoa mstari mmoja. Vijiti vingi vimewekewa kiwango cha nanogramu 300 kwa mililita, yaani mofini ikifika hapo kijiti kinasema ipo, na kiwango hicho ni cha chini sana. Marekani ilikipandisha hadi 2,000 mwaka 1998 kwa wafanyakazi wa serikali kuu, kwa sababu watu waliokula mikate yenye mbegu za mpopi, mmea ule ule unaotoa mofini, walikuwa wakionekana watumiaji. Katika aina fulani za vipimo, hata rifampisini ya kifua kikuu, au antibayotiki za jamii ya siprofloksasini, huweza kudanganya. Na yapo mambo ya hospitali yenyewe. Niliwahi kusimamisha barua ya rufaa iliyoandikwa kwamba kijana aliyevunjika paja ni mtumiaji wa mofini. Faili lilionyesha mofini ya maumivu ilidungwa saa tano na dakika kumi usiku, na sisi wenyewe ndio tuliomdunga. Mkojo ulichukuliwa saa saba kasorobo.

Kwa hiyo majibu ya kijiti ni dokezo. Ili yawe ushahidi wa kumwondoa mtu kazini, ingebidi sampuli ile ile ipelekwe maabara yenye mashine ya kutenganisha na kupima uzito wa kemikali, ikiwa imefungwa na kutiwa lakiri, na kila mkono uliopitia umeandikwa. Kasualti hatufanyi hivyo, kwa sababu hatukusanyi ushahidi. Na hata majibu yakiwa ya kweli, yanasema kitu kilipita mwilini. Hayasemi mtu alikuwa amelewa saa ile. Bangi huonekana wiki kadhaa kwa anayevuta kila siku. Kokeini siku mbili hadi nne.

Kuna jambo moja hapa ambalo watu hawalioni mpaka liwafike. Efavirenzi, dawa ya VVU ambayo watu wengi Kenya waliitumia kwa miaka, katika vipimo fulani hutoa majibu ya bangi ambayo si ya kweli. Basi mtu akitangaziwa bangi mbele ya bosi wake, ajitetee vipi? Ili aoshe jina lake katika hili, itabidi afichue lile. Vivyo hivyo kwa anayemeza rifampisini. Siri moja ikimwagwa inavuta nyingine, na aliyeimwaga ameshaenda zake nyumbani, zamu imeisha.

Kuhusu polisi: hospitali haina ruhusa ya kumpa askari majibu kwa sababu tu ameuliza. Mlango ni ule ule wa kifungu cha 11, yaani ridhaa ya mgonjwa kwa maandishi, amri ya mahakama, au sheria inayotaka hivyo. Wamarekani walilijaribu jambo hili kwa gharama kubwa. Huko Charleston, jimbo la South Carolina, hospitali ya chuo kikuu cha tiba ilianza mwaka 1989 kupima kokeini kwenye mikojo ya wajawazito waliokuja kutibiwa na kuwapelekea polisi majibu. Wanawake 30 walikamatwa, karibu wote weusi. Kesi ilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2001, kwa kura sita dhidi ya tatu, majaji walisema kumpima mgonjwa bila ridhaa yake ili polisi wapate ushahidi ni upekuzi usio halali. Mwaka 2017, huko Utah, muuguzi alimkatalia askari kuchukua damu ya mgonjwa asiye na fahamu, asiyeshukiwa kosa lolote, kwa kuwa hakukuwa na amri ya mahakama wala ridhaa. Alifungwa pingu na kutolewa nje akilia. Baadaye alilipwa dola 500,000. Huyo ndiye muuguzi ninayewatajia wauguzi wetu wakiniuliza wafanye nini askari akisimama mezani na daftari lake.

Sasa mfanye nini? Nasema "mfanye", lakini kwanza kabisa mdogo wako mwenyewe ndiye mwenye jambo hili. Ana miaka 26 na akili zake timamu. Hata mimi ningekuwa daktari wake nisingekupa wewe majibu yake bila yeye kukubali, pamoja na mapenzi yote unayomwonyesha. Kaa naye, mweleze haya, yeye aamue.

Akikubali, aombe kwa maandishi nakala ya faili lake la usiku ule. Ni haki yake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Atafute mambo manne humo: saa aliyotolewa mkojo, dawa zote alizodungwa kabla ya saa hiyo, aina ya kipimo, na kama kuna mahali pameandikwa "mtumiaji". Kama pameandikwa hivyo kwa kijiti peke yake, aombe parekebishwe, na aambatishe chupa au risiti ya dawa ya kikohozi. Ndiyo sababu nasema msiitupe ile chupa. Kisha amwandikie mkuu wa hospitali malalamiko, kwa tarehe, saa, maneno yaliyosemwa na nani alikuwepo. Asiporidhika, aende kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo sheria inaipa siku 90 kumaliza uchunguzi wa lalamiko na inaweza kuipiga taasisi faini ya hadi shilingi milioni tano. Mienendo ya muuguzi huangaliwa na Baraza la Wauguzi. Binafsi ningemshauri aanze na barua ya hospitali na asubiri jibu. Nimeona wakuu wakikasirika kwa dhati wakisomewa maneno kama yale, na kubadilisha utaratibu wa idara nzima.

Kwa hoteli, asisaini karatasi yoyote ya kukiri au ya kuacha kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi tuhuma na amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kabla ya kumfukuza. Akifukuzwa, ana miezi mitatu kupeleka lalamiko kwa afisa wa kazi. Na asikimbilie kupimwa upya ili ajisafishe. Mofini huondoka kwenye mkojo kwa siku mbili tatu, kwa hiyo kipimo cha leo hakisemi lolote juu ya usiku ule.

Kuhusu swali lako la mwisho, aseme ukweli. Nakujibu hivi nikijua alivyotendewa. Daktari anayeuliza "umetumia nini?" anataka kujua dawa gani asimpe. Aliyekunywa pombe na tembe za usingizi, nikimwongezea ya kutuliza naweza kumzimia pumzi. Aliye kwenye methadoni, mpango ulioanza Kenya mwishoni mwa 2014 hospitali ya Mathari na kufuatia Malindi, anahitaji dawa za maumivu zipangwe kwa namna nyingine. Lakini ana haki ya kuchagua anayesikia. Aseme: "Daktari, nitakwambia, lakini watu hawa watoke kwanza." Maneno hayo yanatosha. Daktari anayejua kazi yake atasimama, avute pazia, ainame karibu.

Nimeacha moja ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonifanya niirudie barua yako. Mdogo wako alianguka kwa nini? Mtu kukakamaa, kutetemeka, kujikojolea, kuuma ulimi na kuamka hakumbuki kitu, hiyo ni picha ya degedege la mtu mzima. Mtu aliyezidiwa na unga hulegea na pumzi kupungua. Picha haikulingana na majibu, lakini kijiti kikaonyesha mofini, na kila mtu akaacha kutafuta. Inaweza kuwa kifafa kinachoanza, sukari kushuka, moyo kukosa mpangilio, au kitu kichwani. Inaweza pia kuwa tramadoli, tembe ya maumivu ambayo huleta degedege na ambayo kidirisha cha mofini kwa kawaida hakiioni kabisa. Mwulize, mkiwa wawili tu, bila hukumu, kama kuna tembe yoyote amekuwa akimeza ili ahimili zamu ndefu.

Akikataa kukwambia wewe, mwache amwambie daktari. Lakini wiki hii aende kliniki akapimwe sukari, apigwe picha ya umeme wa moyo, na aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu. Mpaka hapo asiendeshe pikipiki, asiogelee peke yake, na hoteli ikimwita kesho arudi kazini, asisimame mbele ya karai la mafuta ya moto.